Lenzi na machozi: historia ya mgeni juu ya jicho

Tangu kioo cha kwanza kivaliwe juu ya jicho la binadamu mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wamebadili malighafi ya lenzi mara nyingi: kutoka kioo hadi plastiki ngumu, kutoka plastiki ngumu hadi plastiki laini inayonyonya maji, na kutoka hapo hadi silikoni. Lakini jambo moja halikubadilika. Katika kila zama, kauli ya mwisho ilitolewa na machozi.

Malvern ni mtaa ulioko mashariki ya jiji la Johannesburg, nchini Afrika Kusini. Barabara ya Jules, ndefu na iliyonyooka, hutoka upande wa Jeppestown na kuupita mtaa huo ikiwa imepakana na maduka ya magari, gereji, saluni na vioski. Wakazi wake wametoka sehemu nyingi. Wapo wenyeji wa Afrika Kusini, wapo Wazimbabwe na watu wa Msumbiji, na wapo Wakongo, ambao baadhi yao huzungumza Kiswahili cha Lubumbashi, Bukavu au Goma.

Mtaa huo uko katika uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kati ya mwezi Juni na Agosti mvua hainyeshi ila kwa nadra, hewa hukauka mno, na pepo za mwezi Agosti hupeperusha vumbi, likiwamo lile la vilima vya mabaki ya migodi ya dhahabu vilivyoko kusini ya jiji. Kwa mtu anayevaa lenzi machoni, hali hiyo ya hewa ni mtihani. Lenzi ileile iliyomtulia alipokuwa Mombasa au Dar es Salaam, kwenye joto lenye unyevu wa bahari, huko Johannesburg yaweza kumkereketa kabla ya saa sita mchana.

Sababu yake haimo ndani ya lenzi peke yake. Imo katika utando wa maji ambao wengi hawajui hata kama upo.

Utando usioonekana

Watu wengi huyafikiria machozi wakati wa msiba, au wanapokata kitunguu. Hata hivyo, machozi yenye kazi kubwa zaidi ni yale yasiyodondoka. Kila mara mtu anapofumba na kufumbua macho, kope hutandaza juu ya jicho utando mwembamba wenye unene wa takriban elfu tatu za milimita. Unywele mmoja wa kichwani huushinda kwa unene zaidi ya mara kumi.

Utando huo una sehemu zake. Juu kabisa kuna mafuta, yanayozuia maji yasikauke. Chini ya mafuta kuna maji yenye chumvi, protini na kinga dhidi ya vijidudu. Na chini kabisa, pale utando unapogusa jicho, kuna ute unaoyafanya maji yashike badala ya kuteleza na kujikusanya matone matone.

Ujuzi huu ulipatikana kidogo kidogo. Mwaka 1666 tabibu wa Kijerumani, Heinrich Meibom, alizieleza kwa kina tezi zilizojipanga kwenye kingo za kope, ambazo hadi leo zina jina lake. Hizo ndizo zinazotoa mafuta ya machozi. Mwaka 1922 Alexander Fleming, ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa penisilini, alitangaza mjini London kugundua kimeng'enya kinachovunja bakteria, kilichomo katika kamasi na kwa wingi zaidi katika machozi. Alikiita lysozyme. Ili kupata machozi ya kufanyia majaribio, watu wa maabara yake walikamuliwa ndimu machoni. Na mnamo miaka ya 1940 daktari Eugen Wolff, pia wa London, alieleza kwamba mbele ya jicho kuna utando wa tabaka tatu. Utafiti wa siku hizi unaonyesha kuwa maji na ute havina mpaka mkali baina yao, bali huchanganyika hatua kwa hatua, huku mafuta yakielea juu.

Kwa nini jicho linahitaji ulinzi wa namna hiyo? Kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, hakina mishipa ya damu. Kingekuwa nayo, mwanga usingepita sawasawa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya oksijeni inayotumiwa na konea hutoka moja kwa moja hewani, nayo hupita kwenye machozi. Anayeweka kitu juu ya jicho huingia kati ya konea na chakula chake.

Zurich, Paris na Kiel

Fikra ya kuweka maji au kioo juu ya jicho ni ya zamani. Mwanafalsafa wa Kifaransa René Descartes alieleza mwaka 1637 juu ya mrija wenye maji uliowekwa mbele ya jicho. Mwaka 1801 Mwingereza Thomas Young alifanya jaribio la namna hiyo kwa jicho lake mwenyewe. Lakini hayo yalikuwa majaribio ya elimu ya mwanga. Hakuna ambaye angetembea nayo barabarani.

Hatua ya kweli ilikuja wakati uleule Johannesburg ilipokuwa ikizaliwa. Mji huo wa dhahabu ulianzishwa mwaka 1886. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, daktari wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Zurich nchini Uswisi, Adolf Eugen Fick, alichapisha maelezo ya vigamba vya kioo alivyovijaribu kwanza kwa sungura, kisha kwa macho yake mwenyewe, na hatimaye kwa wagonjwa wachache. Mwaka huohuo mjini Paris, Eugène Kalt alijaribu vigamba vya aina hiyo kwa wagonjwa ambao konea zao zilikuwa zimechongoka mfano wa pia.

Vigamba hivyo vilikuwa vikubwa. Havikukaa juu ya konea tu, bali vilienea mpaka kwenye weupe wa jicho. Nafasi iliyobaki chini yake Fick aliijaza maji yenye sukari ya zabibu. Na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza: baada ya muda usiofika hata nusu ya siku, konea ilianza kufifia, na mvaaji akaona taa zikiwa na duara la rangi pembeni yake. Fick aliiona dalili hiyo na kuiandika, ingawa elimu ya wakati wake haikutosha kumpa sababu kamili.

Mwaka 1889, katika Chuo Kikuu cha Kiel, mwanafunzi wa udaktari August Müller alijitengenezea lenzi za kioo ili kurekebisha macho yake yaliyokuwa hayaoni mbali hata kidogo. Alitumia kokeini kutia ganzi jicho, na hata hivyo hakuweza kuvumilia zaidi ya nusu saa hivi. Baadaye Müller aliacha mambo ya macho na kuwa daktari wa mifupa.

Kilichowashinda watangulizi hawa ni hiki: kigamba kilichobana kilifunga machozi chini yake kama maji ya dimbwi. Machozi mapya hayakuingia, na ya zamani hayakutoka.

Plastiki ngumu na pampu ya kope

Mtu aliyelielewa jambo hilo mapema ni daktari wa Hungary, Josef Dallos. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa akichukua umbo la jicho la mtu aliye hai na kulitumia kama kalibu ya kutengenezea kioo. Dallos, aliyehamia London mwaka 1937, alisisitiza kuwa lenzi isibane, ili machozi yapate njia ya kupita chini yake. Kwa maneno mengine, fundi alianza kupima njia ya maji, si umbo la jicho peke yake.

Katika miaka ya 1930 plastiki ilianza kuchukua nafasi ya kioo. Kisha, mwaka 1948, Mmarekani Kevin Tuohy alileta lenzi ndogo ya plastiki ngumu iliyokaa juu ya konea tu, bila kufika kwenye weupe wa jicho. Lenzi hiyo ilielea juu ya machozi, na kila mtu alipopepesa, ilisogea kidogo.

Kusogea huko ndiko kulikoiokoa, kwani plastiki ile haikupitisha oksijeni hata chembe. Mwaka 1952 mtafiti George Smelser wa New York alionyesha jinsi konea inavyoitegemea hewa: watu walipovalishwa miwani iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni badala ya hewa ya kawaida, konea zao zilivimba na wakaona yaleyale maduara ya rangi aliyoyaona Fick. Hivyo fumbo la Zurich likapata jibu baada ya zaidi ya miaka 60. Kwa mvaaji wa lenzi ngumu, oksijeni ilifika kwenye konea ikiwa imebebwa na machozi yaliyosukumwa na kope. Kila pepeso liliweza kubadilisha asilimia 10 hadi 20 ya machozi yaliyokuwa chini ya lenzi. Kope ziligeuka kuwa pampu.

Lenzi ya Prague

Badiliko kubwa zaidi lilitoka Czechoslovakia. Mwaka 1960 wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím walichapisha habari za plastiki mpya inayonyonya maji na kuwa laini kama utomvu. Wakubwa wa serikali hawakuupa mradi wa lenzi uzito mkubwa. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1961, Wichterle akiwa nyumbani kwake Prague, aliunda mtambo wa kuzungusha kalibu kwa kutumia vipande vya mchezo wa watoto wa kuunda mashine na dainamo ya baiskeli. Lenzi za kwanza laini zilizovalika zikatoka mezani hapo.

Haki za uvumbuzi huo ziliuzwa Marekani, na mwaka 1971 serikali ya nchi hiyo ikaidhinisha lenzi laini ziuzwe. Mamilioni ya watu walioshindwa kuvumilia plastiki ngumu sasa waliweza kuvaa lenzi siku nzima. Ilionekana kana kwamba ugomvi kati ya lenzi na jicho umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Lenzi laini hulala juu ya jicho lote la mbele na husogea kidogo sana. Machozi yanayobadilishwa chini yake kwa kila pepeso ni asilimia moja au mbili hivi. Tena, kitu kinachonyonya maji hakichagui cha kunyonya. Protini za machozi, hasa ile lysozyme ya Fleming, zilijishika kwenye lenzi, zikaharibika na kuwa uchafu. Mlinzi wa jicho akageuka kuwa takataka juu ya lenzi. Katika miaka ya 1970 madaktari walianza kuandika juu ya wavaaji waliopata uvimbe mdogo mdogo upande wa ndani wa kope za juu, dalili ya mwili kuukataa uchafu huo na msuguano wake.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watengenezaji wa lenzi waliamua kinyume chake: mgeni aondoke kabla hajazoea nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuja lenzi za kutupwa baada ya muda mfupi, na katikati ya miaka ya 1990 zikaenea zile za siku moja. Mwishoni mwa muongo huo, lenzi zenye silikoni ndani yake zikaanza kuuzwa. Hizo hupitisha oksijeni mara nyingi zaidi kuliko lenzi laini za mwanzo, na tatizo la konea kukosa hewa likapungua sana.

Hata hivyo silikoni haipendani na maji. Inavuta mafuta. Iliwabidi wanakemia watafute njia za kuipaka au kuichanganya ili machozi yaweze kutandaa juu yake.

Utando uliokatwa vipande viwili

Hapa ndipo kiini cha suala lote kilipo. Lenzi laini ya kawaida ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani zaidi ya mara 20 ya utando wa machozi unaotakiwa kuibeba. Ikishawekwa, huukata utando huo sehemu mbili: moja hubaki chini, kati ya lenzi na konea, na nyingine hubaki juu, kati ya lenzi na hewa.

Utando wa juu huwa mwembamba kuliko wa kawaida. Mafuta yake hayatandai vizuri, hivyo maji hukauka upesi. Juu ya jicho lenye afya lisilo na lenzi, utando kwa kawaida hudumu sekunde 10 au zaidi kabla ya kuanza kupasuka. Juu ya lenzi, mara nyingi hupasuka mapema kuliko hapo. Ukipasuka, kope hupita juu ya sehemu kavu, msuguano huongezeka, na maji yaliyobaki huzidi kuwa na chumvi, jambo linaloamsha mishipa ya fahamu na uvimbe.

Utando wa chini nao huwa kama maji yaliyotuama. Mabaki ya seli na vijidudu hukaa hapo muda mrefu kuliko kawaida.

Ongeza juu ya hayo maisha ya leo. Mtu anayetazama simu au kompyuta hupepesa macho mara chache zaidi, na mara nyingi hafumbi kikamilifu. Kipoza hewa cha ofisi ya Dubai au Muscat, kipasha joto cha nyumba ya London au Toronto, na upepo mkavu wa Johannesburg, vyote hufanya kazi ileile ya kuunyang'anya utando maji yake.

Mwaka 2013 jopo la kimataifa la watafiti lilichapisha taarifa ndefu juu ya usumbufu wa lenzi. Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba hadi nusu ya wavaaji hulalamikia ukavu au kero, hasa mwisho wa siku, na kwamba kero hiyo ni miongoni mwa sababu kuu za watu kuziacha lenzi kabisa. Hukadiriwa kuwa watu wapatao milioni 140 duniani huvaa lenzi.

Chokaa ya Robben

Afrika Kusini ina ushahidi mwingine wa thamani ya machozi, usiohusiana na lenzi. Kuanzia mwaka 1965 Nelson Mandela na wafungwa wenzake wa kisiasa walipasua chokaa katika machimbo ya kisiwa cha Robben, chini ya jua kali lililoakisiwa na mawe meupe. Ilichukua miaka kadhaa kabla hawajaruhusiwa kuvaa miwani ya giza. Vumbi la chokaa, lenye magadi makali, liliharibu mfumo wa machozi wa Mandela.

Mwezi Julai 1994, miezi michache baada ya kuapishwa kuwa rais, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mjini Johannesburg. Kwa miaka mingi baadaye wapiga picha waliombwa wasimpige kwa mwanga wa kamera, kwani macho yake hayakuuhimili. Jicho lililopoteza machozi yake hupoteza ngao.

Urembo usio na kipimo

Leo utaalamu haupo mbali na Malvern. Kilomita chache magharibi, katika kampasi ya Doornfontein, Chuo Kikuu cha Johannesburg hufundisha upimaji wa macho. Afrika Mashariki nayo ina vyuo vyake, kikiwamo kile cha KCMC mjini Moshi, Tanzania, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huko Kakamega, Kenya. Kazi ya wataalamu hao haiishii kwenye kusoma herufi ukutani. Kabla ya kumpa mtu lenzi hukagua kope, tezi za mafuta na muda ambao utando wa machozi hudumu.

Lakini katika miji mingi lenzi za rangi huuzwa saluni, sokoni na katika simu, bila jicho kupimwa. Mnunuzi huambiwa kuwa hazina namba, kwa hiyo hazina madhara. Machozi hayajui habari ya namba. Lenzi ya urembo hukata utando vipande viwili sawasawa na lenzi ya tiba, na rangi iliyopakwa vibaya huongeza msuguano. Marekani ililitambua hilo mwaka 2005, ilipotunga sheria ya kuzihesabu lenzi zote, hata za urembo, kuwa vifaa vya tiba.

Hatari si kero tu. Mwaka 2006 ukungu uitwao Fusarium ulishambulia konea za wavaaji wa lenzi katika nchi kadhaa. Marekani pekee ilithibitisha wagonjwa 164, na baadhi yao walihitaji kupandikizwa konea nyingine. Dawa ya kusafishia lenzi iliyohusishwa na mlipuko huo iliondolewa sokoni duniani kote mwezi Mei mwaka huo. Na tangu miaka ya 1980 madaktari wanaijua Acanthamoeba, ameba anayeishi hata katika maji ya bomba, ambaye huweza kula konea ya mtu anayeosha lenzi kwa maji hayo au kuoga nazo. Ndiyo maana mate, maji ya bomba na lenzi ya kuazimana na shoga au rafiki vimekatazwa.

Upo pia upande wa pili wa mizani. Kwa kijana ambaye konea yake imechongoka, ugonjwa uleule alioushughulikia Kalt mwaka 1888, miwani huenda isimsaidie kitu. Lenzi maalumu yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kusoma na kuacha shule. Wagonjwa hao wapo Nairobi, wapo Johannesburg, na mara nyingi ni wale waliosugua macho yao kwa miaka kwa sababu ya mzio. Baadhi yao leo hupewa tena vigamba vikubwa vinavyofika kwenye weupe wa jicho na kubeba hodhi la maji chini yake. Wazo la Fick limerudi, safari hii likiwa na plastiki inayopitisha hewa.

Historia hiyo haisemi kwamba lenzi ni adui. Inasema kwamba kila lenzi, iwe ya bei ghali au ya sokoni, inakaa kwa hisani ya utando wenye unene wa elfu tatu za milimita. Jicho linapowasha, linapokuwa jekundu au linapoanza kuona ukungu, mwenyeji anamwambia mgeni kuwa nafasi imekwisha. August Müller alivumilia kwa kokeini na akashindwa. Mvaaji wa leo ana dawa iliyo nyepesi zaidi, nayo ni kuitoa lenzi, kuvaa miwani, na kwenda kupimwa siku hiyohiyo.